Kamera tatu za kuchambua karafuu: USB3, GigE au CoaXPress?

mkanda_wete

Assalamu alaykum jamani. Tunaunda mashine ya kuchambua karafuu kavu, ghala lipo Wete. Mkanda una upana wa mita 1.2 na unakwenda mita 0.5 kwa sekunde. Juu yake tumepanga kamera tatu kwa safu moja, kila moja iangalie mm 440 ili zipishane kidogo. Kazi ni kutoa makonyo (vijiti vya karafuu), mpeta (karafuu zilizoharibika) na zisizo vichwa. Pua za hewa, za kuzipuliza nje hizo mbaya, zipo mm 450 mbele ya ukingo wa picha. Kompyuta haikai pale kwa sababu ya vumbi, iko chumba cha pembeni, na waya ukipitishwa juu ya kenchi unafika mita 18. Mota inaendeshwa kwa inveta (kifaa cha kurekebisha mwendo wake).

Muuzaji mmoja ametuandikia kamera za rangi za megapikseli 5, USB3, picha 75 kwa sekunde. Mwengine anasema hizo hazitoshi, tuchukue CoaXPress (ya waya wa koaksia) na kadi yake. Bei zimepishana kama mbingu na ardhi. Ipi khasa inafaa, na kwa nini?

pikseli_mbili

Waalaykum salaam. Sheikh, kabla ya kuuliza waya gani, pima kwanza mzigo. Wauzaji wote wawili wameuruka.

Chukua sensa ya kawaida ya pikseli 1440 kwa 1080. Mm 440 ukizigawa kwa 1440 unapata mm 0.31 kwa pikseli. Konyo lenye unene wa mm 2 linakaa kwenye pikseli 6 na ushei, linaonekana bila taabu. Kwa urefu wa mkanda picha moja inashika mm 330. Ukipiga kila baada ya mm 300, mkanda wa mm 500 kwa sekunde unataka picha 1.7 kwa sekunde. Picha moja ni baiti 1,555,200, kwa hiyo kamera zote tatu pamoja hazifiki MB 8 kwa sekunde. GigE ya kawaida, yaani kamera ya waya wa mtandao, hupitisha kama MB 115.

Sasa tazama ile orodha uliyopewa. Megapikseli 5 mara 75 ni MB 376 kwa sekunde kwa kamera moja, zaidi ya MB 1,100 kwa tatu. Karafuu ile ile ingepigwa picha kama mara 55 kabla haijatoka chini ya lenzi. Ya nini?

Watu huchanganya wingi wa picha na picha kutotia ukungu. Kinachogandisha mwendo ni muda wa shata. Mkanda wako unavuka pikseli moja kwa mikrosekunde 600 hivi, basi weka shata mikrosekunde 300 na taa ya LED yenye nguvu inayowaka pamoja nayo. Sensa iwe ya global shata, inayonasa pikseli zote kwa pamoja. Rolling shata husoma mstari baada ya mstari, na karafuu inayotembea hutoka imepinda.

Mzigo ukishakuwa mdogo hivi, kinachoamua ni masafa. USB3 kwa waya wa kawaida ni mita 3, tano ukibahatisha. Camera Link, aina nyengine ya waya wa kamera, ni mita 10 kwa hali nzuri, na inataka kadi yake ya kunasia picha. CoaXPress ya CXP-6 inafika kama mita 40, nayo inataka kadi. GigE Vision ni mita 100 kwa waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6, na umeme wa kamera unapita humo humo kwa PoE. Kwa mita 18, mie nisingefikiri mara mbili.

shata_wazi

Nakubali hesabu, ila USB3 isitupwe hivi hivi. Ukiweza kuweka kompyuta ndogo isiyo na feni ndani ya boksi lililofungwa pembeni ya mkanda, mita 2 zinatosha, na hutohangaika na anwani za IP. Kamera inakula wati 4.5 kwa wingi kutoka kwenye tundu lenyewe, umemaliza. Masharti yake: waya wenye skrubu za kufungia, kwani mtetemo wa mkanda huuchomoa ule wa kawaida. Kila kamera iwe na kidhibiti chake cha USB kwenye kompyuta, siyo kugawana kitovu kimoja. Na kwenye Linux ongeza kumbukumbu ya usbfs, ile inayoshika data za USB. Yenyewe huja na MB 16, na ukiacha hivyo kamera zaidi ya moja huanza kukosa picha bila ya kukwambia kwa nini. Iweke 1000.

Tatizo ni hiyo inveta. USB3 haipendi kelele za umeme, na dalili yake ni kamera kutoweka kwenye orodha mota inapoanza tu, kisha kurudi.

mkanda_wete

Ahsanteni. Boksi tumelifikiria, ila joto la ghala mchana linatutisha. Basi GigE. Masuala mawili: tutumie swichi moja ya tundu 8 tuliyonayo? Na rangi je, si inazidisha mzigo mara tatu? Mpeta bila rangi hatuioni vizuri.

pikseli_mbili

Rangi haizidishi kitu ukichagua umbo sahihi la picha. Kamera ya rangi ikiwekwa Bayer 8 hutuma baiti moja kwa pikseli, sawa na nyeusi na nyeupe, na kompyuta ndiyo inayotengeneza rangi. Ukiiweka RGB 8, hapo ndipo kila pikseli inakuwa baiti tatu. Ingia kwenye mipangilio uibadilishe, kamera nyengine hazitoki kiwandani hivyo.

paketi_haipotei

Suala la swichi ndilo litakalokuumiza, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwa wastani una MB 8 kwa sekunde, sawa. Lakini enkoda (kipimo cha mwendo wa mkanda) ikitoa trigga, yaani ishara ya kupiga picha, kamera zote tatu hupiga kwa wakati mmoja na kila moja hutuma picha yake kwa kasi yote ya gigabiti 1. Picha moja inachukua milisekunde 13.5 kupita. Swichi inapokea gigabiti 3 na mlango wa kwenda kwenye kompyuta ni gigabiti 1. Kinachozidi hukaa kwenye bafa (kumbukumbu ya muda), na bafa ya swichi ya bei nafuu hujaa kabla picha haijaisha. Hapo paketi zinatupwa. GigE Vision inatumia UDP, njia isiyohakikisha paketi zimefika, kwa hiyo kamera itaombwa izitume tena, foleni inazidi, na mwisho unapata picha yenye mistari meusi chini. Ukitazama wastani hutaamini, kwani mtandao utaonekana mtupu.

Tiba ziko mbili. Iliyo safi ni kadi ya mtandao ya milango minne yenye PoE: kila kamera na mlango wake, swichi hakuna. Kila mlango upe mtandao wake, 192.168.1, 192.168.2, 192.168.3, barakoa 255.255.255.0. Milango miwili ikiwa kwenye mtandao mmoja, kompyuta hujibu kwa mlango usio wake na kamera moja itakuwa inapotea ovyo.

Ukishikilia swichi, basi chelewesha utumaji: kamera ya kwanza 0, ya pili milisekunde 15, ya tatu 30. Trigga ni moja, ila picha zinapita kwa zamu. Zote zimefika ndani ya milisekunde 45. Una milisekunde 900 mpaka karafuu ya mbele kufika puani, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Paketi kubwa za baiti 9000 hupunguzia kompyuta kazi, lakini lazima zikubaliwe na wote: kamera, swichi na kadi. Mmoja akibaki 1500 utaona jambo la ajabu: kamera inaonekana, inakubali kubadilishwa mipangilio, picha haiji hata moja. Faiwoli ya Windows nayo huleta dalili hiyo hiyo. Anza na 1500, hakikisha picha zinakuja, ndipo upandishe.

Na pua za hewa zifyatuliwe kwa hesabu ya enkoda, siyo kwa saa. Umeme ukiyumba na mkanda ukapunguza mwendo, milisekunde 900 zako zitakuwa zinapuliza mahali ambapo karafuu haijafika.

waya_shaba

Naongeza la waya. Madukani umejaa waya wa mtandao wa aluminiamu uliopakwa shaba, kwa nje huutambui. Kwangua ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe ndani, urudishe. Kwa PoE ya mita 18 unapunguza volti, na ncha zake huliwa haraka na hewa ya bahari. Nunua Cat6A ya shaba tupu yenye kinga ya nje, na kama kamera inakubali, chukua yenye kiunganishi cha M12 badala ya RJ45.

Usiufunge pamoja na waya wa mota kwenye trei moja. Waache sentimita 30 hivi, na pakibidi kupishana, wapishane kwa pembe mraba. Waya wa kutoka inveta kwenda kwenye mota ndio uwe na kinga iliyofungwa ardhini.

Mbele ya lenzi weka kioo, usiweke plastiki. Mafuta ya karafuu hula plastiki nyingi, na vumbi lake linanata. Kifuniko cha plastiki kitatia ukungu na mtadhani kamera ndiyo mbovu.

mkanda_wete

Tumeelewa, kadi ya milango minne. Tutajuaje kuwa iko sawa kabla ya kufunga pua?

paketi_haipotei

Kamera na draiva zina hesabu mbili: paketi zilizoombwa tena na picha zisizokamilika. Zisome kwa programu ya mtengenezaji, au Aravis, programu huria ya kamera, kama mko kwenye Linux. Endesha mkanda mtupu saa nzima, inveta imewashwa, na kompresa iwe inawaka na kuzima. Picha zisizokamilika ziwe 0. Paketi zilizoombwa tena zikipanda kila kompresa inapoanza, rudini kwenye waya na ardhi. Zikipanda wakati wote, tazameni kadi na draiva.

Halafu mwageni karafuu mhakikishe zinalala safu moja. Zikirundikana, hakuna waya utakaoonyesha konyo lililo chini.