Naomba ushauri: tumekwama Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, tairi mbili zimepasuka

Habari zenu ndugu. Tuko watu wanne na Prado moja. Tulitoka Nairobi, tukapita Isiolo na Marsabit, tukakata jangwa la Chalbi hadi North Horr bila shida yoyote. Taabu ilianza tukikaribia Ziwa Turkana. Yale mawe meusi ya volkano yalipasua tairi mbili ubavuni siku moja, na spea tunayo moja tu. Jeki ilikuwa ikizama kwenye changarawe mpaka mzee mmoja mchunga mifugo akatuletea jiwe bapa la kuiwekea chini. Alikaa nasi juani hadi tukamaliza, kisha akakataa pesa.

Hapa fundi ameshona tairi moja kwa uzi mnene na kuweka tyubu ndani. Inashika upepo tangu jana. Tairi mpya ya saizi yetu tumeitafuta, hakuna.

Linaloniumiza zaidi ni rafiki yangu aliyekuwa kwenye usukani. Nilimfokea mbele ya wenzetu kwamba alikimbiza gari, na tangu hapo hajanisemesha. Tumejuana tangu shule ya msingi.

Naomba mnisaidie mawili. Kwa tairi iliyoshonwa, turudi kwa njia ya South Horr, Baragoi na Maralal, au ile ya Laisamis iliyotengenezwa wakati wa mradi wa umeme wa upepo? Na huyu rafiki, nimwombe radhi sasa tukiwa wote, au nisubiri tufike nyumbani?