Naomba ushauri: kliniki ya presha na sukari kwenye zahanati yenye tabibu mmoja

Mfawidhi wa Kijijini

Wakuu, habari za majukumu. Swali langu ni kwa wenzangu wa ngazi ya msingi, hasa waliowahi kupanga huduma hii mahali penye watumishi wachache.

Zahanati ni ya kijiji, Tanzania Bara. Ina tabibu mmoja, wauguzi wawili na mhudumu wa afya mmoja. Asubuhi benchi linajaa watoto wenye homa, wajawazito na majeraha, na katikati yao wamo wazee wa presha na sukari. Mzee anapimwa, inasoma 170/100, anapewa vidonge vya wiki mbili, haonekani tena mpaka kichwa kimuume. Anayeandikiwa rufaa ya hospitali ya wilaya haendi, maana nauli inazidi bei ya dawa yenyewe. Wote wanaandikwa Kitabu namba 5 kama wagonjwa wengine wa nje na wanapotelea humo humo.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Nawapangaje bila kuvuruga kliniki ya mama na mtoto? Nakadiriaje dawa zisiishe katikati ya mwezi? Na nani nimbakize kwangu, nani lazima aende juu?

---

Mama Kliniki

Pole na kazi, kaka. Anza na sanduku la kadi kabla hujafikiria mashine wala dawa. Mfumo unao tayari kwa mfano: waliofanya kazi CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) wanajua mgonjwa wa kudumu anafuatiliwa kwa namba, kadi na tarehe ya kurudi. Chukua mtindo huo huo.

Kila mgonjwa anakuwa na kadi mbili. Moja anakwenda nayo, nyingine inabaki kwako. Ya kwako iandikwe namba, jina, kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi au jirani wa karibu, simu ya mtu wa nyumbani, dawa na dozi, vipimo vya kila hudhurio na tarehe ya kurudi. Sandukuni usizipange kwa majina. Zipange kwa wiki ya kurudi, na katoni zilizokatwa ziwe vigawanyo. Akija, kadi yake inahamishiwa wiki mpya. Ijumaa jioni, kadi zilizobaki kwenye kigawanyo cha wiki hiyo ndizo za wasiofika. Hapo huhitaji kompyuta kujua nani kapotea. Rejista inakuambia ulimwona nani, lakini aliyekosa haimwandiki.

Majina hayo yakabidhiwe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kitongoji kwa kitongoji. Mpango jumuishi uliozinduliwa 2024 umewapa wahudumu hawa kazi ya magonjwa yasiyoambukiza pia, kwa hiyo humwombi fadhila. Mpe majina machache kwa wiki na swali moja tu la kurudi nalo: kwa nini hakuja? Majibu huwa nauli, dawa kuisha, "nimepona" au mganga wa kienyeji, na kila moja lina njia yake ya kulishughulikia.

Siku ya kliniki iwe moja kwa wiki, isigongane na siku ya chanjo. Usiwaite wote asubuhi. Kitongoji cha mbali saa mbili, cha karibu saa tano. Muuguzi apime uzito, presha na sukari na ajaze kadi. Aliye chini ya 140/90, hana dalili mpya na dawa anameza, achukue dozi yake aende. Kwa tabibu waingie wageni, wasiodhibitiwa na wenye dalili tu. Tabibu akimwona kila mtu, kliniki inakufa mapema sana.

---

Tabibu wa Bondeni

Naongezea kwenye vipimo, kwa sababu nusu ya "presha isiyoshuka" huwa ni kupima vibaya.

Mgonjwa akae dakika 5 kabla ya kupimwa. Mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili chini bila kupishana, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, si juu ya shati wala kitenge, na mkono wa nguo ukikunjwa usibane juu yake. Asiongee, na muuguzi asimhoji wakati mashine inajaza, kwani mazungumzo peke yake yanaweza kupandisha kipimo kwa 10. Mkono unaoning'inia au kibofu kilichojaa hufanya vivyo hivyo. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, andika wastani. Bila dalili za hatari, usimwite mtu mgonjwa wa presha kwa siku moja. Arudi siku nyingine upime tena. Ikifika 180/110 kwenda juu, hapo husubiri hudhurio la pili.

Mkanda: mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mama mnene akifungwa mkanda wa kawaida, mashine itasoma juu kuliko ukweli, na wewe utaongeza dozi ya bure. Ukinunua mashine moja, nunua na mkanda mkubwa.

Sukari nayo ina mitego. Kidole kilichoshika embe au soda kinatoa namba ya kutisha. Anawe kwa maji, akauke kabisa, ndipo umtoboe pembeni mwa ncha ya kidole. Spiriti isipokauka inaharibu kipimo. Chupa ya stripu ifungwe mara tu baada ya kutoa moja, maana unyevu huziharibu hata kama muda haujaisha, na tarehe ya kufungua iandikwe juu yake. Vigezo, kwa mmol/L: 7.0 kwenda juu akiwa hajala usiku kucha, au 11.1 kwenda juu wakati wowote akiwa na dalili kama kiu kali, mkojo mwingi na kukonda. Asiye na dalili, rudia siku nyingine.

Miguu ya mgonjwa wa sukari itazameni kila hudhurio, viatu vikiwa vimevuliwa, hadi katikati ya vidole. Kupima ganzi hakuhitaji kifaa. Afumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Usibonyeze wala usipapase. Kati ya sehemu hizo 6 akikosa 2 au zaidi, mguu umepoteza hisia: viatu vya kufunika, asikae karibu na moto, na kidonda chochote kiletwe siku hiyo hiyo.

---

Mfawidhi wa Kijijini

Asanteni sana. Hilo la kupanga kadi kwa wiki ya kurudi nimelielewa. Sasa dawa. Kuna anayeshauri wale waliotulia wapewe za miezi mitatu ili kupunguza safari. Je, inafaa?

---

Mfamasia wa Halmashauri

Inafaa, ila si sasa. Ukitoa za miezi mitatu stoo ikiwa na za mwezi mmoja, kumi wa kwanza watajaza kabati na wengine watarudi mikono mitupu. Kwanza hakikisha akiba.

Kosa kubwa ni kuagiza kwa kutazama ulichotumia kipindi kilichopita bila kusahihisha siku ambazo dawa haikuwepo. Mfano: siku 90 umetoa vidonge 900, lakini siku 30 kati ya hizo stoo ilikuwa tupu. Matumizi halisi ni 900 kugawa kwa 60, yaani 15 kwa siku, na kwa siku 90 ni 1,350. Ukiagiza 900 tena, umejihakikishia upungufu uleule, na kila kipindi utaonekana unahitaji kidogo. Kwa hiyo siku za kukosekana lazima ziandikwe kwenye leja.

Kliniki mpya hesabu yake inatoka kwenye kadi, si kwenye matumizi ya nyuma. Tuseme una wagonjwa 50 wa amlodipini (dawa ya presha) ya miligramu 5: 30 wanameza kimoja kwa siku, 20 wanameza viwili. Hiyo ni vidonge 70 kwa siku, 2,100 kwa mwezi, 6,300 kwa miezi mitatu. Ongeza akiba ya mwezi mmoja, ifike 8,400, kisha toa vilivyopo stoo. Wagonjwa wapya wanaongezeka kila wiki, basi pitia hesabu kila mwezi.

MSD (Bohari ya Dawa) ikithibitisha kwamba dawa haipo, tumia njia ya mshitiri (msambazaji binafsi aliyeidhinishwa) kwa utaratibu wa halmashauri yenu, na uthibitisho huo uutunze kwenye faili, mkaguzi atauuliza. Fedha inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo inaweza kununua dawa, stripu na mashine, ila iwe kwenye mpango wa kituo na kamati ya usimamizi iwe imepitisha. Vikao vya kamati vinachelewa kuliko dawa zinavyoisha, kwa hiyo peleka hesabu mapema.

Jambo linalosahaulika ni herufi kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Tazama kila dawa kabla ya kuiagiza au kuiandika. Ikiwa ya ngazi ya juu yako, tiba ianzishwe kituo cha afya, na uendelezaji kwako upangwe na Mganga Mkuu wa Halmashauri kwa maandishi. Ukiandika tu, dai la bima litarudishwa na mgonjwa atakosa.

---

Tabibu wa Bondeni

Kwenye dawa zenyewe, angalia madhara yanayozaa dawa nyingine. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Mtu akidhani ni moyo, anaongeza frusemaidi, mgonjwa anakojoa mchana kutwa na uvimbe uko palepale. Punguza dozi au badilisha dawa. Enalaprili na kaptoprili, nazo za presha, huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Usikitibu kwa antibayotiki. Metformini ya sukari ianze miligramu 500 pamoja na chakula, iongezwe kidogo kidogo, la sivyo tumbo litamsumbua na ataiacha kimyakimya.

Na tafadhali, nifedipini isipasuliwe chini ya ulimi eti presha ishuke haraka. Ikiporomoka ghafla, ubongo unakosa damu na mtu anapooza mbele yako.

---

Mama Kliniki

Kuhusu nani aende juu. Presha ya 180/120 na zaidi ikiambatana na kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja: rufaa ya haraka. Mwenye sukari ya juu anayetapika, anayehema kwa nguvu au aliyelegea, vilevile. Mwanzishie dripu ya maji ya chumvi asafiri nayo. Kijana chini ya miaka 40 mwenye presha kali achunguzwe figo na sababu nyingine. Wote walio kwenye matibabu wapate kipimo cha figo na macho mara moja kwa mwaka, na hapo ndipo kituo cha afya kinahitajika. Wakusanye siku moja, usafiri wa pamoja ni nafuu kuliko kila mtu na bodaboda yake.

Mjamzito ni habari nyingine kabisa. 140/90 baada ya wiki 20, pima protini kwenye mkojo siku hiyo hiyo. 160/110, au maumivu makali ya kichwa, au kuona nyotanyota: magnesiamu salfeti ya kuanzia (ya kuzuia kifafa cha mimba), halafu piga 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito. Losartani, enalaprili na kaptoprili haziguswi kwenye mimba. Msichana mwenye presha aliye kwenye umri wa kuzaa aulizwe kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kuandikiwa hizo.

---

Daktari wa Familia, Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku sheria ya afya ya msingi ya 2023 imeweka mitandao: hospitali moja ya kaunti ndogo inakuwa kitovu, zahanati na vituo vinavyoizunguka ni matawi, na timu ya kitovu, ikiwa na daktari wa familia pale anapopatikana, inatembelea matawi. Hata bila sheria ya aina hiyo, mfano unafaa. Mwombe daktari wa hospitali yenu ya wilaya aje siku moja ya kliniki kila robo mwaka, aone wagonjwa wagumu tu. Uzitenge kadi zao mapema, kumi na tano zinatosha. Akikaa na tabibu chumbani na kupitia kadi pamoja, tabibu anabaki na ujuzi daktari akishaondoka.

Barua ya rufaa iwe na swali. "Presha isiyodhibitiwa" haimsaidii anayeipokea. Andika: "Yuko kwenye amlodipini 10 na hidroklorothiazaidi 25 kwa miezi mitatu, anameza, 168/98 mara tatu. Naomba kipimo cha figo na ushauri wa dawa ya tatu." Sehemu ya chini iachie majibu, mgonjwa arudi nayo.

---

Mfawidhi wa Kijijini

Shukrani, daktari. Swali la mwisho: wapo wazee wanaokuja bila hela wala kadi ya bima.

---

Mama Kliniki

Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha. Orodha itoke serikali ya kijiji, isiamuliwe dirishani. Wengine waelekeze CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, ambayo ilipangwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi 6 kwa mwaka. Uliza halmashauri utaratibu uliopo sasa, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mambo. Mwandikishaji awepo siku ya kliniki na akae karibu na meza ya presha. Uandikishaji ufanyike baada ya mavuno, si Februari wakati ghala ni tupu.