Ushauri wakuu: Naunda gari la spoti mwenyewe, niweke injini ya 1.6 au 1.8?

MwanaKilombero
Habari za jioni wana jamvi. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Nipo Coventry, Uingereza, nafanya kazi ghalani shifti ya usiku. Tangu mdogo natamani gari la spoti nililoliunda kwa mikono yangu. Huku hilo jambo ni la kawaida kabisa. Unanunua gari kuukuu, unalichinja, unachukua injini, giaboksi, difu (ile inayogawa nguvu kwenye matairi ya nyuma), breki na miguu, halafu unavifunga kwenye chasisi mpya ya mabomba ya mraba inayotoka kiwandani. Unapata kile kigari cha wazi cha watu wawili, taa zimesimama nje na matairi ya mbele hayana bodi.

Nimeshapata Mazda MX-5 ya 1992. Imeoza pembeni chini ya milango kama zinavyooza zote, ila injini inawaka. Nimekodi gereji ndogo nyuma ya nyumba ninayoishi.

Maswali mawili: (1) nibaki na injini yake ya lita 1.6 au nitafute ya 1.8? (2) nikimaliza, naweza kulipandisha meli likasajiliwe Dar? Naombeni majibu ya kiungwana, kwa kweli usingizi sipati.

BisiZaMoto
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

FundiSpana
Mkuu, nipo Luton, gereji ndiyo ugali wangu. Nikujibu kitaalamu.

Ya 1992 ni 1.6 yenye nguvu za farasi kama 115. Hiyo inatosha na inabaki. MX-5 nzima ina uzito wa karibu kilo 950, hicho kigari chako kikiisha kitakuwa na kilo 600 hivi, au chini ya hapo ukiwa mchoyo wa vyuma. Ubaya wa 1.6 ya mwanzo ni difu yake, ni ndogo. Wenye 1.8 wana difu kubwa zaidi, kwa hiyo ukipata difu ya 1.8 chukua hiyo, injini iache. Na usije ukauziwa 1.6 ya kuanzia 1995, hizo huku zilishushwa hadi karibu farasi 90.

Sasa injini siyo tatizo lako. Tatizo lako ni ukaguzi. Gari la kuunda nyumbani haligusi barabara mpaka lipite IVA, yaani ukaguzi wa serikali wa gari moja moja, na ada yake si ndogo. Pale hawakuulizi linakimbia kiasi gani. Wanapitisha kipimo kwenye kila kona ya nje kuona kama ina ncha kali, maana chuma chenye ukingo mkali kinaweza kumchana mtu ukimgonga. Wanapima kelele za ekzosi, spidomita kama inasema kweli, vioo, mikanda, moshi. Nimeshaona gari zuri linaanguka kwa sababu ya vichwa vya bolti visivyo na vifuniko vya plastiki. Ukianguka unalipia tena ya marudio.

Na tunza risiti zote. Ukiokoteza vifaa huku na huku bila karatasi, DVLA, wale wanaosajili magari huku, wanakupa namba inayoanza na Q, na ikishakaa hiyo hata bei ya kuuza inashuka.

KamauThika
Ndugu zangu Watanzania, hongereni. Hapa Kenya tulikuwa na gari letu, Nyayo Pioneer. Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1986 waunde gari, na 1990 wakatoa tano za majaribio. Hadi leo ni hizo tano. Sasa huyu pekee yake na spana atafika wapi?

BisiZaMoto
Kamau tulia, sisi tuna Nyumbu, kiwanda cha magari cha jeshi pale Kibaha. Tatizo halikuwa kuunda, tatizo lilikuwa kuendelea kuunda.

Mzee_wa_Kongwa
Vijana, mnanikumbusha mbali. Kwetu Kongwa, 1947, Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Walileta matrekta ya kila aina, hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Marehemu baba alikuwa kijana, alibebeshwa madumu ya mafuta. Alikuwa akisema wale watu walijua kila kitu cha mashine na hawakuuliza mtu hata mmoja kuhusu ule udongo. Kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, majembe yanavunjika. 1951 wakafunga virago. Chuma kilichobaki watu walitengenezea milango ya mazizi.

BisiZaMoto
Mzee shikamoo, ila swali lilikuwa 1.6 au 1.8.

Mzee_wa_Kongwa
Marahaba. Nimelisoma.

MamaPacha
Mimi magari siyajui, najua hesabu. Mwanangu, chasisi, gari la kuchinja, kodi ya gereji, ada ya ukaguzi, na meli juu. Kwa mshahara wa ghala wa huko, ukishalipa chumba na umeme, hiyo hela inatoka wapi?

MwanaKilombero
FundiSpana asante sana mkuu, hapo kwenye difu umenifungua macho.

MamaPacha, nina akiba mama. Turudi kwenye mada tafadhali. Kuhusu Dar kuna mwenye uzoefu?

KijanaWaBandari
Nakujibu la Dar. Ukifungua kikokotoo cha TRA kinakuuliza kampuni, modeli na mwaka. Sasa wewe utaandika kampuni gani? "Mimi mwenyewe"? Lazima uende kwa mthamini, na ukisema mwaka ni 1992 kwa ajili ya injini, umejichongea ushuru wa gari kuukuu. Ukisema ni jipya, watataka karatasi za kiwanda. Tena TBS wanakusubiri na tochi yao. Halafu bonde la Kimara na mashimo yake, hicho kitu kimeinama sentimeta ngapi kutoka chini?

MamaPacha
Akiba ya nani?

MwanaKilombero
Ya kwangu. Kwa sehemu kubwa.

MamaPacha
Naendelea kusubiri hiyo sehemu ndogo.

MwanaKilombero
Sawa. Naona nisiposema mtaendelea kubahatisha.

Nyumbani ni Ifakara, tunalima mpunga. Kaka yangu mkubwa na wadogo zangu walichanga, mama akauza magunia, wakanitumia paundi 6,800 ninunue trekta, Massey Ferguson 290, nilipakie meli lifike kabla ya msimu wa kulima. Trekta zuri sikulipata haraka, hela ikawa imekaa tu benki. Ndipo nikaiona hii MX-5 kwa 900, nikaichukua. Kiwanda cha chasisi nacho kilikuwa na foleni, ukichelewa kulipia unapoteza nafasi, nikaweka 2,400. Imebaki 3,500.

Sijaila hela, nimeizungusha. Kigari kikiisha nakiuza paundi elfu 12 bila shida, nanunua trekta kubwa kuliko walilotaka, na faida inabaki. Kaka akipiga namwambia bado natafuta lenye hali nzuri, na hilo si uongo. Wiki iliyopita alitaka kuliona, nikamtumia picha ya moja nililoliona kwenye tangazo.

WakiliWaMtaa
Kisheria ulipewa fedha kwa kazi maalum. Ukiitumia kwa kazi nyingine, huo ni wizi wa kuaminiwa. Usipambe.

MamaPacha
Picha ya tangazo. Mama yako keshawaonyesha majirani hiyo picha, nakuapia. Na kule Kilombero mvua haisubiri mtu amalize kuchomelea.

FundiSpana
Mkuu, hiyo elfu 12 nani kakwambia? Gari la kuunda nyumbani mara nyingi linauzwa chini ya jumla ya risiti zake, kwa sababu mnunuzi hajui mikono yako. Yale yenye jina, ya Caterham, ndiyo yanashika bei. Hao walinunua haki ya kigari cha aina hii kutoka kampuni ya Lotus 1973, na Lotus ndiye aliyeunda cha kwanza 1957. Enzi hizo Waingereza walijiundia ili kukwepa kodi ya gari jipya, maana vipande vikiwa kwenye maboksi havikutozwa. Inasimuliwa sheria ilikataza kuweka maelekezo ya kuunganisha, basi kiwanda kikaweka maelekezo ya kufungua, mteja ayasome kinyumenyume. VAT ilipokuja 1973 ule unafuu ukaisha. Kwa hiyo leo mtu anaunda kwa mapenzi yake, biashara haipo hapo.

Na muda: mwenye kazi ya usiku akijitahidi Jumamosi na Jumapili, mwaka unakwisha bado anahangaika na nyaya.

DadaWaKigamboni
Mume wangu alichukua ada ya watoto akanunua pikipiki kubwa, eti atakodisha kwenye harusi. Mpaka leo ipo sebuleni imefunikwa shuka. Sina la kuongeza.

MpimaChai
Ngojeni kwanza. Mimi naona hii ni chai, yaani stori ya kutunga, tena ya rangi.

Mleta uzi, Machi mwaka jana ulifungua uzi hapahapa unatafuta mtaji wa banda la chips Mikumi. Leo upo Coventry una gereji. Weka picha ya hilo gari.

MwanaKilombero
Ule uzi wa chips nilimuulizia mdogo wangu. Picha hii hapa.

*[picha: gari la bluu, halina boneti]*

MpimaChai
Wakuu ikuzeni hiyo picha. Usukani upo kushoto. Uingereza wanaendesha usukani kulia kama sisi. Na ukutani nyuma ya jeki kuna soketi ya matundu mawili ya duara. Soketi ya Uingereza ni ya pini tatu bapa, ndiyo tuliyorithi hadi Mbagala. Hiyo gereji ipo Ujerumani au Poland huko. Chai imeiva, leteni vikombe.

BisiZaMoto
Nimecheka hadi konda kaniangalia vibaya 😂😂

KamauThika
Hata trekta sasa naona halikuwahi kuwepo.

MwanaKilombero
Picha ni ya tangazo la kiwanda, kuonyesha kitakavyokuwa kikiisha. Sikusema ni langu. Langu limefunguliwa lote, gereji haina taa ya kutosha.

MamaPacha
Kumbe ndiyo tabia yako. Kaka yako picha ya tangazo, sisi nasi picha ya tangazo.

FundiSpana
Tusibishane, nampima mimi. MwanaKilombero, kama kweli umeshusha giaboksi ya hiyo MX-5, kuna kitu lazima ukifungue kwanza kati ya giaboksi na difu. Nini hicho? Jibu usitafute mtandaoni, nakupa dakika tano.

MwanaKilombero
Ile fremu ndefu ya aluminiamu inayofunga giaboksi na difu pamoja. Kwenye difu kuna bolti mbili ndefu za kwenda juu, moja iligoma kabisa, ina kijibomba ndani kilichoshikana na kutu. Niliipasha moto na kuigonga hadi jirani akaja kugonga mlango.

FundiSpana
Huyu gari analo. Kile kijibomba hukisomi mahali, kinakufundisha chenyewe.

MpimaChai
Au anafanya kazi kwa fundi mwenye nalo. Mimi nabaki na kikombe changu.

Mzee_wa_Kongwa
Kijana, umesema upo Coventry. Hizo Massey Ferguson zilikuwa zinatengenezwa hapohapo mjini kwenu, Banner Lane, tangu 1946 zikiitwa Ferguson, hadi kiwanda kikafungwa miaka ya 2000 mwanzoni. Wazee waliofanya kazi pale bado wapo hapo mtaani. Nenda kwenye baa zao ukaulize nani anajua shamba lenye 290 iliyolala bandani. Utapata kwa bei ambayo tangazo haliwezi kukupa.

KijanaWaBandari
Na trekta la kilimo ushuru wake wa forodha ni sifuri, ujue. Kitu kinachoingia bure unakiacha, unaunda kitu ambacho hata jina la kampuni hakina. Meli kutoka Southampton hesabu mwezi na zaidi, na bandarini nako kuna siku zake. Msimu unaujua wewe.

MwanaKilombero
Wakuu nimewasikia. Lakini kuelewa upande wangu hamtaki. Ile 2,400 kiwanda hakirudishi, mkataba ndivyo unavyosema. Nikiacha sasa nimepoteza vyote viwili. Nikiendelea angalau moja litakuwepo.

WakiliWaMtaa
Umesoma mkataba wote au mstari wa amana tu? Kama ulinunua mtandaoni na chasisi haijaanza kukatwa, piga simu kesho asubuhi uombe kwa maandishi. Na kama hawarudishi, uliza kama nafasi yako kwenye foleni inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Watu wanaosubiri wapo.

FundiSpana
Na hiyo MX-5 ukiiuza vipandevipande inarudisha 900 na zaidi. Injini nzima, giaboksi, magurudumu. Wenye MX-5 wanavitafuta hivyo kila siku.

LeicesterMoja
Samahani wakuu, napita tu. Mleta uzi, hiyo MX-5 ilikuja na lile paa gumu?

MwanaKilombero
Ndiyo. Jeusi. Lipo ukutani, kioo chake hakijapasuka.

LeicesterMoja
Natoa 400. Nina gari la kulibebea, Jumamosi nakuja.

MpimaChai
Sasa tutajua. Leicester, ukifika piga picha, soketi ya ukutani ionekane.

MwanaKilombero
500. Hayo yanatafutwa kuliko gari lenyewe.

LeicesterMoja
450 na usinisumbue.

MamaPacha
Muuzie. Na hiyo 450 isiguse difu.

MwanaKilombero
Leicester, angalia ujumbe wa faragha. Saa nne asubuhi, kabla sijalala.