Nina miaka 47 na mkono umekuwa mfupi kwa kusomea: nichague vipi miwani?

Mwalimu wa Chaki

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo nimelifanyia mzaha kwa mwaka mzima, na sasa limeanza kuharibu kazi yangu. Nina umri wa miaka 47, ninafundisha, na sijawahi kuvaa miwani maishani. Hata leo sura ya mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa ya darasa naiona bila taabu. Kinachonishinda ni cha karibu. Nilianza kwa kulisogeza daftari mbali kidogo, kisha nikalisogeza zaidi, nikailaumu taa, nikaulaumu wino, hatimaye nikawalaumu wanafunzi kwamba siku hizi wanaandika herufi ndogo kama chawa. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi mmoja alinirudishia karatasi yake kwa adabu na kuniomba nihesabu alama upya, nami nikakuta kwamba 8 niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeijumlisha kama 3. Hapo mzaha ukaisha.

Nilinunua miwani ya kusomea iliyokwisha tengenezwa, ya namba 2.50, kwa kuwa katika zote nilizojaribu ndiyo iliyokuza herufi zaidi. Daftari nalisoma, ila sharti niliinamie. Kompyuta iliyo juu ya meza hiyo hiyo inaingia ukungu, na nikiinua kichwa kuwatazama wanafunzi naona vivuli vya watu. Kwa hiyo siku nzima navaa na kuvua, navaa na kuvua, na jioni kichwa kinaniuma. Juu ya hayo kaka yangu ananisihi niiache kabisa, kwa maana miwani hulitia jicho uvivu, na tangu aanze kuivaa yeye, macho yake yamezidi kushuka. Je, maneno yake ni ya kweli? Namba ninayoihitaji niijueje? Na mtu anayetazama daftari, kompyuta na darasa ndani ya dakika moja afanyeje?

Mpima Macho

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Nimepima macho kwa miaka mingi, na kisa chako nakisikia karibu kila siku, pamoja na ile sehemu ya kuilaumu taa.

Nyuma ya mboni kuna lenzi ambayo ujanani huwa laini, kiasi kwamba msuli unaoizunguka unapokaza, lenzi hutuna na kitu cha karibu huonekana wazi. Lenzi hiyo haiachi kukua. Huongeza tabaka juu ya tabaka maisha yote, na kadiri inavyoongeza ndivyo inavyokuwa ngumu, hata msuli ukikaza kama zamani yenyewe haiitikii. Mtoto wa miaka 10 huweza kusoma kitu kilicho sentimita 7 hivi kutoka jichoni. Akifika miaka 40 huhitaji sentimita 20 au zaidi, na akifika 50 inaweza kuwa karibu nusu mita. Hali hii huitwa presbayopia, humfikia kila anayejaliwa umri, na huendelea kuongezeka hadi miaka ya 60 hivi, kisha hutulia. Macho ya kaka yako yangeshuka kwa kasi ile ile hata kama miwani yake ingelala kabatini. Kinachomdanganya ni kwamba, akishazoea herufi zilizo kali, ukungu aliokuwa akiuvumilia bila kuujua sasa anauona kila anapoivua.

Kuhusu namba, kosa lako ni la watu wengi: ulidhani kubwa ndiyo bora. Kwa mtu ambaye mbali anaona vizuri bila miwani, chukua 1, ugawe kwa namba ya miwani, nawe utapata kwa mita mwisho wa upeo wake. Miwani ya 2.50 inaishia sentimita 40, ya 1.50 inaishia sentimita 67, ya 1.00 inaishia mita moja. Ndani ya mpaka huo uwezo mdogo uliobaki katika lenzi yako utakusaidia kusogea karibu zaidi, lakini nje ya mpaka hakuna kitakachosaidia. Kompyuta yako haina kosa lolote; iko ng'ambo ya mpaka, na darasa liko ng'ambo zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kupimwa, keti unavyoketi kila siku, usijinyooshe kwa heshima ya kipimo, kisha mtu akupimie kwa futi kamba kutoka jichoni hadi daftarini, na kutoka jichoni hadi kwenye kioo cha kompyuta. Umri hutuonyesha tu pa kuanzia. Kwa miaka yako singeshangaa tukiishia kati ya 1.25 na 1.75. Kanuni ninayoifuata ni kuchukua namba ndogo kuliko zote inayokuwezesha kusoma bila kujikaza katika umbali wako wa kawaida. Miwani ya tayari haidhuru jicho, na kwa mwenye macho mawili yanayolingana inaweza kumtosha. Shida ni kwamba lenzi zake zote mbili huwa na namba moja, hazirekebishi astigmatizimu, yaani jicho kutopinda sawasawa pande zote, na nafasi kati ya vitovu vyake, yaani katikati ya lenzi moja na nyingine, imekadiriwa kwa uso ambao huenda si wako. Maumivu ya jioni mara nyingi huanzia hapo.

Sindano na Uzi

Mimi nina miaka 52 na tangu ujana macho yangu ni ya kuona karibu, namba yangu ni kutoa 2.50. Wenzangu wa rika wanapohangaika kutafuta miwani ya kusomea, mimi huivua ya mbali na kutunga uzi kwenye sindano, na nakiri kwamba jambo hili hunipa kiburi kidogo. Nililotaka kuongeza ni mwanga, Mwalimu, kwa sababu hukukosea kabisa ulipoilaumu taa. Umri unapoongezeka mboni hupungua upana na lenzi huelekea rangi ya njano, kwa hiyo mwanga unaofika ndani ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Weka taa ya mezani upande wa pili wa mkono unaoandikia, imulike karatasi na si uso wako. Kitambaa cheusi chenye uzi mweusi nimekihamishia mchana, na sioni aibu.

Jicho Huru

Mimi ninapingana nanyi. Nina miaka 50, kila asubuhi nazungusha macho na kuyakaza kwa dakika kumi, na simu yangu naisoma bila miwani. Miwani ni mazoea tu.

Mpima Macho

Ndugu, mazoezi hayo hayatakudhuru, lakini msuli si mgonjwa hata upewe mazoezi. Lenzi ndiyo iliyokuwa ngumu. Tafadhali tazama ukubwa wa herufi ulioweka kwenye simu hiyo na ukali wa mwanga wake, kisha ujaribu kusoma maandishi ya pakiti ya dawa wakati wa jioni. Mwanga mkali huibana mboni, na mboni iliyobanwa huongeza upeo wa kuona. Ukitoboa karatasi kwa sindano na kuchungulia kwenye tundu hilo, herufi zilizokuwa na ukungu zitajikusanya mbele yako papo hapo, ingawa zitakuwa na giza kidogo. Hata matone yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya presbayopia hufuata njia hiyo hiyo ya kuibana mboni. Kazi yake ni ya saa chache, hupunguza uoni wa usiku, wengine huwaumiza kichwa, na hutolewa kwa cheti cha daktari baada ya jicho kukaguliwa ndani.

Mzee wa Ngazi

Mwanangu Mwalimu, kuhusu swali lako la tatu nina la kusema, na nina kovu la goti kulithibitisha. Kugawa kioo cha miwani, juu kwa mbali na chini kwa karibu, si jambo jipya. Benjamin Franklin aliieleza miwani yake ya namna hiyo katika barua za miaka ya 1784 na 1785. Hiyo ina mstari unaoonekana, na kati ya mbali na karibu hakuna kitu, kwa hiyo kompyuta itakukimbia. Ninayoivaa sasa ni ya lenzi endelevu, ambayo nguvu yake huongezeka polepole kutoka juu kwenda chini, na kwa mtu wa daftari, kompyuta na darasa naiona ndiyo inayofaa. Lakini usiichukue kwa pupa. Pembeni, kulia na kushoto, picha hupinda, hivyo hujifunzi kuzungusha macho bali kuelekeza pua kwenye kile unachotaka kukiona. Siku tatu za kwanza sakafu ilikuwa ikiogelea. Siku ya nne nilishuka ngazi kwa kushusha macho tu, nikaitazama ngazi kupitia ile sehemu ya kusomea, nayo ikaonekana mahali ambapo haikuwapo. Kwenye ngazi inamisha kichwa chote, utazame kwa sehemu ya juu. Mimi nilizoea baada ya wiki mbili hivi, na wapo wasioizoea kabisa, hao warudi kwenye miwani mbili bila kuona haya.

Shangazi Kope

Naomba mnisikilize katika jambo moja, kwa sababu mazungumzo yote ni ya namba na mtu anaweza kudhani kila ukungu ni umri. Mimi nilibadilisha miwani mara mbili katika miezi michache. Wiki hii naona vizuri, wiki ijayo sioni, nikamlaumu fundi wa miwani mpaka nikamkosea heshima. Kumbe sukari ya damu ilikuwa ikipanda na kushuka, na lenzi ya jicho hufuata. Niliambiwa nisubiri sukari itulie kwanza ndipo nipimwe tena. Na mama yangu, akiwa na miaka 70 na kitu, siku moja alianza kusoma bila miwani, tukafurahi nyumba nzima. Ulikuwa mtoto wa jicho anayeanza, ambaye huweza kumrudishia mtu uoni wa karibu kwa muda huku akimharibia wa mbali.

Glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa aina yake ya kawaida haiumi na hula uoni wa pembeni kimya kimya huku herufi za katikati zikibaki safi, na mtu anayejinunulia miwani mwaka hadi mwaka hawezi kuijua. Mwalimu, hata ukipata namba sahihi kwa kujaribu, nenda ukaguliwe ndani ya jicho na upimwe shinikizo lake. Na ukiona miale ya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea, kitu kama pazia upande mmoja, mistari iliyonyooka ikionekana kupinda, au jicho jekundu lenye maumivu pamoja na ukungu, nenda siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Chaki

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa goti. Shangazi, nimekusikia. Futi kamba imesema sentimita 38 hadi daftarini na 66 hadi kwenye kompyuta, na nimepimwa jana: mbali jicho la kulia halihitaji kitu, la kushoto lina astigmatizimu kidogo ambayo sikuijua, na karibu nimeandikiwa 1.50. Shinikizo la macho ni la kawaida. Kaka yangu ameombwa naye aende, amesema atafikiria. Nimeamua kujaribu lenzi endelevu. Imebaki fremu, na ninayoipenda ni ile nyembamba.

Mzee wa Ngazi

Marahaba.

Mpima Macho

Nyembamba iache, Mwalimu. Lenzi endelevu inahitaji kimo ili mbali, kati na karibu vyote vipate nafasi, na fremu fupi hukata sehemu ya kusomea, ambayo ndiyo uliyoifuata. Chagua pia inayoshika vizuri puani, kwa sababu ikiteleza milimita chache tu sehemu zote huhama pamoja nayo. Alama za mboni zipimwe ukiwa umeivaa fremu hiyo hiyo, umetazama mbele kama unavyolitazama darasa. Baada ya kuichukua ivae kuanzia asubuhi, usiichanganye na ile ya 2.50, na kama wiki mbili zikipita sakafu ingali inaogelea, irudishe vitovu vikaguliwe kabla hujaambiwa kwamba ni suala la kuzoea.