Saa ya Meli na Saa ya Bibi

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI

JUMATATU

Hamisi: Assalaam alaykum ukoo. Tumepanda. Bado tumefunga gati hapa Galveston, Texas, tunang'oa nanga jioni kwenda Meksiko. Meli ina ghorofa kumi na nne, nimehesabu mara mbili.

Rehema: Waalaykum salaam. Ghorofa kumi na nne juu ya maji? Tuma picha, maneno hatuyataki.

Hamisi: [picha]

Rehema: Hii si meli. Hii ni Kariakoo imetiwa injini.

Mjomba Athumani: Hongereni wanangu. Swali la mwalimu mstaafu: viza ya Meksiko mlipata wapi?

Hamisi: Shikamoo Mjomba. Hatukuhitaji. Mimi na Salma tuna kadi za ukaazi wa Marekani, ukiwa nayo Meksiko hawakudai viza. Tumeonyesha kadi pamoja na pasi zetu za Tanzania. Watoto ni raia wa hapa.

Mjomba Athumani: Marahaba. Haya, safari njema.

Simu ya Mama: Ni Mwanaisha naandika, Bibi yuko pembeni. Anasema mashallah. Anauliza majaketi ya kujiokolea mmeonyeshwa yalipo?

Hamisi: Mwambie tumeonyeshwa. Kabla meli haijaondoka kila abiria lazima aende pale atakapokusanyika ikitokea hatari, wanakupiga kadi kwenye mashine kuhakikisha umefika. Huwezi kukwepa hata ukiwa mgonjwa wa uvivu kama mkwe wako Salma.

Salma: Nimekuona.

Rehema: Wifi, umebeba tangawizi?

Salma: Ya nini wifi? Haitikisiki hii. Nimeweka chai mezani, hata haichezi.

Rehema: Haya. Mimi nimenyamaza.

JUMANNE

Amina: Shikamooni wote. Nina malalamiko. Jana Baba alituandikia "kesho chai saa mbili". Nikaweka kengele saa mbili. Nimeamka giza, nimevaa vizuri, nimepanda hadi ghorofa ya 11. Hakuna mtu. Kuna mzee mmoja anapiga deki, akaniuliza kama nimepotea.

Mjomba Athumani: Marahaba mjukuu wangu 😂 Saa mbili ya baba yako ni 8 kwenye simu yako.

Hamisi: Nyumbani tunaongea Kiswahili asubuhi hadi usiku, sikujua kwamba saa bado anasoma ya Kizungu. Kosa langu.

Simu ya Mama: Bibi anasema kosa ni lako kweli. Anauliza, hao Wazungu siku yao inaanzaje usiku wa manane, watu wamelala? Nani anaiona ikianza?

Rehema: Mama leo kaamkia upande wa falsafa.

Salma: Leo hatuoni nchi kavu, ni maji tu kutwa nzima. Chakula kipo kila kona, shida ni nguruwe. Maharage yana nguruwe, mboga ya majani ina nguruwe, hata viazi. Nikamuuliza mpishi mmoja Mwindonesia. Kumbe naye Muislamu. Akaniambia dada, kula samaki wa meza ile, vingine uniulize mimi kwanza. Sasa tunamfuata kama vifaranga.

Simu ya Mama: Bibi anamuombea huyo mpishi. Na anauliza kibla mnakijuaje.

Hamisi: Hapa ni kaskazini mashariki. Tatizo meli ikipinda na kibla kinahama. Juzi nimeanza rakaa ya kwanza naelekea kabati, namaliza nina wasiwasi kama sielekei choo. Sala tunapunguza na kukusanya, sisi wasafiri.

Mjomba Athumani: Ulianza ukiwa umeelekea sawa, basi. "Juzi" ilikuwa jana lakini.

Hamisi: Baharini siku zinachanganyika Mjomba.

Rehema: Kesho ni nini?

Hamisi: Kesho Cozumel, kisiwa cha Meksiko. Tutashuka, tutapanda boti hadi bara, kisha basi hadi Tulum kuona magofu ya Wamaya, wenyeji wa huko. Dola 110 kila mtu.

Rehema: Mko wanne. Hiyo ni milioni na ushee! Kwenda kuona kuta zilizobomoka? Hamisi, magofu yetu ya Tongoni umeshafika wewe?

Hamisi: ...

Rehema: Nakuuliza. Njia ya Pangani, nusu saa tu kwa gari kutoka kwenu.

Hamisi: Nimepita.

Rehema: Kupita ukienda kuogelea si kufika.

JUMATANO

Hamisi: Ukoo, tumefika Cozumel. Tangazo kwa mke na watoto, naliandika hapa ili kuwe na mashahidi. Saa ya meli haibadiliki, ni ya Texas. Meksiko upande huu, msimu huu wa baridi, wako mbele yetu saa moja. Simu zikishika mtandao wa huku zitajibadili zenyewe, MSIZIAMINI. Mwisho wa kupanda ni saa kumi na nusu, saa ya meli. Amina, hiyo ni 4:30.

Amina: Nimeelewa Baba. 4:30.

Simu ya Mama: Bibi anasema hapa saa zinakwenda kumi na moja na nusu jioni, na saa ya Hamisi inasema mbili na nusu asubuhi.

Amina: Saa ya Baba iko Tanga?

Simu ya Mama: Ni ya ukutani. Bibi aliinunua mwaka ule Baba yako alipoondoka, akaiweka saa za Houston, hizo hizo za Texas, iko juu ya ile ya kwetu. Kazi yangu kuirudisha na kuisogeza kila Wamarekani wakibadili saa zao, mara mbili kwa mwaka. Nisipofanya nasikia mimi.

Hamisi: Sikuwahi kujua hili.

Simu ya Mama: Ungeuliza.

(saa moja baadaye)

Hamisi: Ripoti kutoka kwenye boti. Mwendo wa dakika arobaini na tano kuvuka. Bahari imechafuka kidogo. Salma ametapika mara tatu.

Rehema: ALHAMDULILLAH. Si kwa ubaya wifi.

Mjomba Athumani: Mtu wa Tanga, amepanda boti za Unguja miaka yote!

Hamisi: Idi naye kamuona mama yake, akamfuata. Mfuko mmoja wamegawana.

Salma: Hamisi acha kuandika unishike.

(baadaye)

Amina: [picha] Tumefika Tulum! Bibi angalia bahari.

Rehema: Rangi hiyo ni ya kweli?

Amina: Ya kweli Shangazi. Mji uko juu ya jabali, chini mchanga mweupe. Pande tatu kuna ukuta, upande wa nne ni bahari. Tumeingia kwenye mlango mwembamba, mtu mmoja mmoja, Baba ameinama. Mwongozaji anasema ndani walikaa wakubwa na makuhani. Watu wa kawaida nyumba zao zilikuwa nje ya ukuta.

Hamisi: Na neno "tulum" kwa lugha yao maana yake ni ukuta, boma. Ni jina la baadaye. Inadhaniwa zamani paliitwa Zama, jina linalohusishwa na alfajiri, maana panatazama mashariki juu ya maji.

Simu ya Mama: Bibi anasema hao ndio wanajua siku inaanzia wapi.

Mjomba Athumani: Ngoja niingie. Tongoni nayo jina la baadaye. Tongo ni mahame, mahali watu walipohama. Wenyewe waliojenga hawakuuita mji wao gofu. Na Tulum ilistawi karne ya 13 hadi ya 15. Tongoni ni hizo hizo, 14 na 15. Wale wakijenga kule, hawa wakijenga huku, hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Hamisi: Mjomba, hata chokaa! Mwongozaji kasema walikuwa wanachoma mawe ya chokaa kwa kuni, wanapata unga, wanapiga lipu, halafu wanapaka rangi. Kuna hekalu moja rangi za michoro ukutani bado zinaonekana.

Mjomba Athumani: Sisi tulichoma matumbawe. Babu yangu mimi alikuwa anapanga tanuri la chokaa, magogo ya mikoko duara, matumbawe juu. Mama yenu analikumbuka.

Simu ya Mama: Bibi anasema analikumbuka moshi wake, nguo zote za kuanikwa zinanuka.

Amina: Bibi, hapa juu ya mlango mmoja kuna sanamu ya mtu kichwa chini miguu juu. Wanamuita mungu anayeshuka. Wengine wanasema ni wa nyuki, Wamaya walifuga nyuki.

Simu ya Mama: Bibi anasema astaghfirullah, piga picha kisha endelea mbele.

Amina: Na kuna mijusi mikubwa kama kenge, imelala juu ya kuta inaota jua. Idi anataka kushika mkia.

Simu ya Mama: Anasema ASIGUSE.

Rehema: Ule mnara mkubwa mnapanda?

Hamisi: Hairuhusiwi siku hizi, unautazama tu nyuma ya kamba. Wanauita Castillo, ngome kwa Kihispania, ila haikuwa ngome. Mita saba na nusu hivi, si mrefu, lakini uko ukingoni kabisa mwa jabali. Mwongozaji anasema waliwasha taa kwenye madirisha yake mawili, mwenye mtumbwi akiziona zote mbili anajua amelenga uwazi kwenye mwamba.

Mjomba Athumani: Mlango! Wavuvi wa kwetu wanauita mlango vilevile. Mitumbwi ilileta nini?

Hamisi: Chumvi, nguo, kakao, na jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, lilitoka hadi Guatemala. Walitengenezea visu.

Mjomba Athumani: Na mwisho wao ni kama wetu. Mwaka 1518 Wahispania wa Juan de Grijalva walipita na meli pwani hiyo, wakauona mji kwa mbali, padri wao akaandika kwamba Seville, mji wa kwao Hispania, isingeonekana kubwa kuliko huo. Inaaminika ndio Tulum. Miaka 19 kabla, Januari 1499, Vasco da Gama alikuwa Tongoni anaichoma meli moja ya msafara wake mwenyewe, São Rafael, maana mabaharia wamekufa hakuna wa kuiendesha. Wamaya wakabaki mjini miaka kama 70 tangu Wahispania waanze kuitwaa nchi, kisha maradhi.

Amina: Babu, hii ya meli kuchomwa ni Tanga kweli?

Mjomba Athumani: Kwenye mafungu ya pwani hiyo hiyo. Hujaambiwa na baba yako?

Rehema: Baba yake alipita.

Hamisi: Dada basi.

Salma: Mimi nimekaa kivulini. Kuna mwani kidogo ufukweni, wanasema miezi ya joto unajaa tele, unaoza na kunuka, wanauzoa kwa mashine.

Rehema: Kina mama wa Paje kule Unguja wanaulima, huko wanaulipia utupwe. Dunia.

Hamisi: Si mwani ule wa Paje Dada, huu haununuliki. Tunarudi. Salma anaitazama boti kama deni.

(baadaye, usiku Tanga)

Hamisi: Mimi na Idi tuko melini, kalala. Salma na Amina wamebaki madukani Cozumel, karibu na gati.

Salma: HAMISI

Salma: HAMISI ni saa kumi na dakika thelathini na tano!!! Tunakimbia mwambie kapteni

Salma: Amina simu imezima chaji. Kuna watu wengine wanakimbia pia

Rehema: Yarabi. Wifi kimbia!

Hamisi: Uko wapi?? Naiona meli bado ina ngazi.

Salma: Kiatu kimekatika

Simu ya Mama: Bibi anasema simameni.

Salma: Mama tutaachwa!

Simu ya Mama: Anasema SIMAMENI. Yuko mbele ya ukuta hapa. Saa yetu ni sita na dakika thelathini na tano usiku. Saa ya Hamisi ni TISA na thelathini na tano. Mna saa nzima, pungufu dakika tano.

Mjomba Athumani: Dada yuko sahihi. Tanga tuko mbele ya Texas saa tisa, toeni wenyewe.

Hamisi: Subhanallah. Simu yako ina saa ya Meksiko, Salma. Niliandika asubuhi kwa herufi kubwa.

Salma: Asubuhi nilikuwa natapika, Hamisi.

Rehema: Mama hujalala mpaka saa hizi?

Simu ya Mama: Anasema angelalaje hawajapanda.

Salma: Tumekaa chini hapa gatini, tunacheka. Wale wengine bado wanakimbia, Amina kawafuata kuwaambia.

Hamisi: Meli yao ni nyingine hao!

Salma: Haya, na wao wamepata mazoezi.

(baadaye)

Salma: Tumepanda. Mama, Allah akuweke. Samahani kwa usingizi.

Simu ya Mama: Anasema kesho mnashuka wapi?

Hamisi: Progreso. Maji ya pale ni mafupi mno, gati lao limeingia baharini kilometa 6 na nusu.

Mjomba Athumani: Sisi Tanga meli zilisimama mbali miaka mingapi, mizigo ikaja kwa matishari. Wenzetu wakajenga barabara kwenda kuifuata.

Simu ya Mama: Anauliza saa ngapi, ili aangalie saa.

Amina: Nimechaji. Saa mbili, Bibi. Ile yako.

Rehema: Na wifi, mlikuwa mnanunua nini hata mkachelewa?

Salma: Vitu.

Amina: Tangawizi. Dola tatu, kipande kidogo.