Mrejesho: mapigano ya gizani kwenye Dungeons & Dragons

Wadau, nimerudi. Niliuliza hapa jinsi ya kuendesha mapigano ya gizani katika toleo la 5 la mchezo huu wa mezani, ambao wachezaji huigiza wahusika na dadu huamua kama shambulio limepata, maana kikundi chetu hapa Lamu kilibishana kila mwenge wa wahusika ulipozimika. Ahsanteni sana, hasa mliosema tujiulize jambo moja kabla ya kila shambulio: nani anamwona nani?

Hilo limetufaa kweli. Ukimshambulia usiyemwona, unarusha dadu la pande 20 mara mbili na kuchukua namba ndogo. Kama yeye ndiye hakuoni, unachukua kubwa. Msipoonana wote wawili, hayo yanafutana, mnarusha mara moja tu. Mpiga upinde wetu bado anasema haingii akilini kulenga kwenye giza totoro kama mchana, na naona ana hoja. Tumeiacha kanuni ilivyo kwa sababu pambano linakwenda haraka.

Mwenge tumeukatia duara la nailoni la kuweka juu ya ramani: futi 20 mwanga kamili, 20 zaidi mwanga hafifu. Ubishi wa hapo umekwisha kabisa.

Kilichokwama ni ushauri wa kuondoa mezani kila adui asiyeonekana. Mwendesha mchezo alielemewa. Sasa vipande vya maadui vinabaki mezani, kwani kutoonekana si kujificha: nyayo bado zinasikika mpaka adui atumie zamu yake kujificha.

Na kwa aliyeuliza kuhusu uchawi unaoleta giza mahali: macho ya kawaida ya kuona gizani, waliyo nayo baadhi ya wahusika, hayalipenyi giza hilo, wala mwenge hauliangazi.