Joseph Howe wa Halifax: jembe au alikula matapishi yake?

Baridi_Kali
Wakuu habari za muda huu. Mi nipo Halifax, Kanada, kimasomo. Kila siku nikishuka basi napita Province House, jengo la bunge la jimbo la Nova Scotia, kuna sanamu ya mtu anaitwa Joseph Howe. Jana nikamuuliza mzee mmoja pale ni nani, akasema ndo aliyewapa magazeti uhuru, kabla sijashukuru mwenzake akadakia uhuru gani wakati jimbo kaliuza, basi wakaanza kubishana mpaka basi lao likawaacha. Mtu wa 1800 na kitu huko! Anayemjua anieleweshe.

mpiga_chapa
Mkuu hapo umegusa mtu wangu, mi mwenyewe nimekulia kwenye wino. Howe alizaliwa hapo hapo Halifax 1804, shule kaishia miaka 13 akaingia kazini kwa baba yake, mpiga chapa. Baadaye akanunua gazeti la Novascotian, akawa anazunguka jimbo zima juu ya farasi, huku anaandika safari zake huku anadai wasomaji pesa za gazeti (wadaiwa sugu hawakuanza leo).

Sasa Januari 1835 akachapa barua iliyosainiwa "The People", inasema mahakimu wa mji na polisi kwa miaka 30 wamekamua wananchi zaidi ya pauni 30,000. Wakamshtaki kwa kashfa ya jinai. Shida ni kwamba kwa sheria ya wakati ule hata ukithibitisha ulichoandika ni kweli haikusaidii, kosa ni kuchapa tu. Mawakili wakamwambia kesi huna. Jamaa akaazima vitabu vyao vya sheria, akajifungia kusoma, akaja kujitetea mwenyewe, akaongea saa 6 na ushee!! Jaji Brenton Halliburton akawaambia juri wazi kuwa kwa maoni yake hii ni kashfa, wao wakatoka, dakika 10 wamerudi: hana hatia. Watu wakambeba juu juu mpaka kwake. Sheria yenyewe haikubadilika siku ile lakini nani tena angethubutu kumshtaki. Mwaka uliofuata akaingia bungeni.

Bi_Tatu
Sawa ila mpiga chapa unamtia sukari sana 😂 huyu mtu alikuwa na mdomo. Aliwachamba wakubwa wa Halifax mpaka 1840 mtoto wa yule yule jaji, John Halliburton, akamwita wapigane kwa bastola. Wakakutana Point Pleasant, Halliburton akafyatua akakosa, Howe akapiga yake hewani. Walipokuja wengine kumwita akakataa, kashaonyesha si mwoga, inatosha.

Alichokuwa anapigania ni kwamba nchi ilikuwa mkononi mwa baraza la watu 12, gavana anawachagua, wanakaa milango imefungwa, wengine wana hisa kwenye benki moja. Ukishinda uchaguzi unashinda bure tu. Kule Upper na Lower Canada (makoloni jirani, leo Ontario na Quebec) 1837 watu walishika bunduki, Nova Scotia wakapambana kwa gazeti na kura, na Februari 1848 ndo koloni la kwanza la Uingereza kupata serikali inayowajibika kwa bunge lake. Hilo nampa, maua yake achukue.

Kijana_wa_Posta
Mbona mnaruka mwisho? Mzee wa pili hakukosea sana. 1867 Nova Scotia ikaingizwa kwenye muungano wa Kanada bila wananchi kuulizwa, Charles Tupper, kiongozi wa serikali ya jimbo, kaipitisha bungeni tu. Howe akawaka, akaongoza upinzani, uchaguzi wa Septemba wakachukua viti 18 kati ya 19 vya jimbo kwenye bunge la Kanada kule Ottawa, kile kimoja akabaki nacho Tupper. Howe akaenda London 1868 kuomba jimbo litolewe, wakamkatalia. Halafu Januari 1869 huyooo kwenye baraza la mawaziri la Macdonald, waziri mkuu wa Kanada, kaunga mkono juhudi. Waliomchagua ungewaambia nini?

Bi_Tatu
Ungewaambia London imeshasema hapana, na vita hakutaka. Hakwenda mikono mitupu, jimbo liliongezewa ruzuku. Na kwa kuwa kapewa uwaziri ilibidi arudi kugombea upya kaunti ya Hants, katikati ya baridi, ana miaka 64, akashinda ila afya ikaishia kwenye kampeni zile.

Kijana_wa_Posta
Na cheo je? Mei 1873 akawa luteni gavana, anaishi jumba lile lile la magavana aliowasumbua ujana wake wote.

mpiga_chapa
Wiki tatu tu mkuu, Juni 1 akafariki. Hiyo nayo utaiita kula bata?

Kijana_wa_Posta
Pole kwake. Ila 18 kwa 1, mimi siwezi kusahau.

Baridi_Kali
Aisee kumbe nilikuwa nasogelea moto bila kujua. Nimeona pia chumba cha ile kesi bado kipo mle mle Province House, siku hizi ni maktaba ya bunge. Ijumaa sina kipindi, naingia.

mpiga_chapa
Piga picha. Ya chumba, sanamu tuachie.